Mnara Umesimama, Picha Haiendi

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, walimu, viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa uvuvi, ndugu zangu mliovuka maji kuja hapa Mwanza: habari za mchana. Na kwa Wasukuma wenzangu, mwadila.

Nimeombwa nizungumzie intaneti ya kasi katika maeneo yasiyofikika kirahisi. Nitabaki visiwani, humu Ziwa Victoria, kwa sababu tukianza kusema "vijijini" kwa ujumla tutaondoka hapa tumekubaliana kila kitu na hatujasema lolote. Na Nansio naiweka pembeni, Nansio ni mji. Nazungumzia Irugwa, Ghana, Maisome, Goziba, na yale makambi ya wavuvi ambayo ramani za ofisini haziyajui.

Tuanze na bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara. Mvuvi amepasua sangara, amelitoa bondo, amelisafisha, limekaa juu ya mizani. Mnunuzi wa mjini anamwambia kwa simu: nipigie picha, mizani ionekane, lilaze vizuri nione upana. Anapiga. Picha ya simu za siku hizi ina megabaiti 3 au 4. Anaituma WhatsApp, kaduara kanaanza kuzunguka. Juu ya kioo cha simu vijiti vya netiweki vimejaa vyote. Simu ya kawaida anapiga, inasikika vizuri. Pesa anatuma, inafika. Salio anaangalia, linakuja. Picha tu ndiyo haiendi. Baada ya saa nzima anamuuzia mnunuzi aliyesimama palepale mwaloni, kwa bei aliyoipanga huyo mnunuzi.

Sasa, katika takwimu, kambi ile imefikiwa na mawasiliano. Wala si uongo. Kupiga simu na kutuma pesa ni kazi ambazo 2G, netiweki ya kizazi cha pili, inazimudu bila jasho. Ile menyu ya nyota na namba inabeba herufi chache tu kwa safari moja. Kwa kampuni ya simu, kambi ya wavuvi yenye 2G tayari inaleta pesa: miamala inapita, makato yanaingia. Kuna haraka gani ya kuongeza mtambo? Siwalaumu kwa hilo, biashara ndivyo ilivyo. Ninachokataa ni sisi wenye dhamana ya umma kuhesabu kama wao.

Mei 2023 Serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, na pamoja nayo kazi ya kuipandisha daraja minara ya zamani ya 2G. Ni hatua kubwa, na hiyo sehemu ya pili, ya kuipandisha daraja, mimi ndiyo ninayoipenda zaidi ingawa haina utepe wa kukata. Lakini kubadilisha mtambo juu ya mnara ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni njia inayoutoa mzigo kwenye mnara na kuuleta nchi kavu.

Hebu tufuate picha ya bondo. Ikishafika Mwanza imeokoka. Mkongo wa Taifa, njia kuu ya nyaya za mawasiliano nchini, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unaishika na kuipeleka Dar es Salaam, ambako nyaya za baharini zipo tangu SEACOM ilipotua mwaka huohuo. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita elfu moja na ushee za Mwanza hadi Dar ni sehemu 6 hivi za elfu za sekunde. Foleni haiko huko. Mnakumbuka Kigongo kabla Daraja la JPM halijafunguliwa Juni 2025? Lami safi ng'ambo hii, lami safi ng'ambo ile, halafu malori yanalala yakisubiri kivuko kuvuka kilomita 3. Picha ya bondo inasubiri kivuko.

Kivuko chenyewe ni mawimbi ya maikrowevu, dishi la kisiwani likitazamana na dishi la nchi kavu. Tufanye hesabu ya mfano. Njia hiyo ina megabiti 50 kwa sekunde, na kambini watu 300 wameshika simu kwa wakati mmoja. Kila mmoja anapata sehemu 17 za mia za megabiti moja. Weka mtambo wa 4G, weka wa 5G ukipenda, jibu ni lilelile, maana kilichobana kiko nyuma ya mnara.

Na hao 300 hawaji kidogo kidogo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Ikija mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapandishwa, vijana wote wako nchi kavu na bando zao. Ukitaka kuuona mnara ukielemewa, nenda kambini siku za mbalamwezi saa mbili usiku. Mkaguzi aliyekuja na gari na boti saa nne asubuhi, wakati watu wamelala, atapima kasi nzuri kabisa, ataandika ripoti, atakula sato na kurudi zake mjini.

Umbali wenyewe si kisingizio kikubwa. Mnara wa mita 60 juu ya maji "unaona" kama kilomita 32 kabla mzingo wa dunia haujaukata. Minara miwili ya urefu huo ikitazamana, ni kilomita 60 na kitu kwa hesabu ya karatasi. Kazini tunapunguza, maana mawimbi yanahitaji nafasi ya kupumua juu ya maji. Shida hasa ni ziwa likitulia. Maji yaliyotulia huyarudisha mawimbi juu, dishi linapokea sauti mbili, moja iliyokuja moja kwa moja na nyingine iliyogonga maji, na zikifika zimepishana vibaya zinafutana. Ndiyo maana netiweki inaweza kufa asubuhi nzuri isiyo na upepo wala wingu, watu wakashangaa. Dawa yake inajulikana: madishi mawili kwenye mnara mmoja, moja juu, jingine mita kadhaa chini yake. Sauti ikifutika kwenye moja, haifutiki kwa jingine wakati huohuo. Mkiona mnara wa kisiwani una dishi moja tu linalotazama maji, ulizeni.

Halafu radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na nyingi hupiga usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya maji. Mnara hukingwa na ethi, ile shaba inayozikwa ili kuupeleka umeme wa radi ardhini. Sasa zika shaba kwenye mawe yetu! Jiwe la Bismarck na ndugu zake wote ni granaiti, na granaiti kavu haipitishi umeme kwa namna ya kukusaidia. Inabidi utandaze waya mbali mpaka ukutane na udongo wenye unyevu. Waya huo ni mrefu, ni wa shaba, na bei ya shaba kwenye chuma chakavu kila mtu anaijua. Ukikatwa leo, kesho kutwa radi inachoma kadi moja ndogo ya mtambo, kisiwa kizima kinazimika, fundi yuko Mwanza anasubiri boti. Mafundi hawapungui, tatizo hakuna anayeishi kule. Vijana wawili wa kisiwani waliofundishwa kubadilisha kadi, na kadi ya akiba ndani ya kabati lililofungwa, wangeokoa siku nyingi za giza.

Umeme wa jua siuzungumzii sana, hilo limeshathibitika. Bwisya pale Ukara walipata gridi ndogo ya jua mwaka 2016. Betri zinataka kutunzwa, basi.

Setilaiti najua mtaniuliza. Zile za zamani zinakaa karibu kilomita 36,000 juu, kwenda na kurudi unapoteza zaidi ya nusu sekunde. Kuongea ni tabu. Hizi mpya zinazunguka kwenye kilomita 550 hivi, tofauti ni kubwa, na majirani zetu Kenya wanazitumia tangu 2023. Hapa kwetu huduma yoyote ya aina hiyo inapita kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupata leseni. Kwa zahanati moja au shule moja iliyo mbali na kila kitu, nasema ndiyo. Kwa kambi ya watu elfu wenye simu za kawaida, bado inabidi kuwe na mtambo wa kuwagawia, na bili ya kila mwezi inataka mtu wa kuilipa.

Ninachopendekeza ni hiki. Njia ya kuvuka maji iwe ya umma. Ijengwe mara moja, iwe nene, kila kampuni ipite kwa kulipia, badala ya kila moja kujenga ujia wake mwembamba au kutojenga kabisa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kisheria tangu 2006, na kazi yake ni kutoa ruzuku pale biashara haijilipi. Ruzuku iende kwenye njia hiyo kwanza. Na mkataba usiseme "mnara ujengwe". Useme kasi ya kupakia, siyo ya kupakua peke yake, ipimwe usiku wa mbalamwezi, kambini, mbele ya mwenyekiti wa BMU. Kupakia ndiko kunakotoa picha ya bondo, ndiko kunakopeleka eksirei kutoka kisiwani kwenda hospitali ya Bugando. Kijana anayeomba mkopo wa chuo naye anapakia vyeti. Asifunge safari ya Nansio kwa ajili ya kurasa sita.

Bei pia. Kipimo cha Umoja wa Mataifa ni kwamba kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Pigeni hesabu hiyo kwa mbeba dagaa, siyo kwa mwenye mtumbwi.

Waheshimiwa madiwani, mnara unaofuata ukiletwa kwenye kikao chenu, msiulize urefu wake. Ulizeni megabiti ngapi zinavuka maji, madishi mangapi yanatazama ziwa, ethi imeishia wapi, na ufunguo wa kabati anakaa nao nani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wanaorudi na boti ya jioni waulize kwanza.