Mletee Baba Yako Mdogo Chai

Ahsanteni. Nitaongea nimekaa, magoti haya hayamheshimu mtu tena. Walionisikia mwaka jana wanajua nitasema nini juu ya sauti ya mhusika, wakitaka watoke wakapunge upepo, warudi kwenye maswali.

Nimesoma miswada yenu ya hadithi, yote kumi na minne. Nimefanya mchezo wangu ule ule: nafunika majina kwa kidole, nafunika na "alisema", nabaki na maneno matupu, kisha najiuliza, nani huyu anazungumza? Sijui. Mvuvi, hakimu, mtoto wa darasa la pili, hata jini mmoja wa kisimani, wote wanaongea kama msomaji wa taarifa ya habari saa mbili usiku. Kuna mwenzenu hapa, simtaji, kamwandika mama muuza vitumbua anayedaiwa. Mdai kapiga hodi. Mama anajibu: "Samahani bwana, kwa sasa sina fedha za kukulipa kutokana na hali ngumu ya maisha."

Jamani! (Kicheko.) Mimi nimelelewa na muuza vitumbua anayedaiwa.

Shangazi yangu, Ngamiani, Tanga. Mchele na sukari alichukua mali kauli kwa mwenye duka wa mtaa wa pili, na mwisho wa mwezi mwenye duka alitufikia na daftari kwapani. Hodi! Shangazi hata hajainuka kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi. "Karibu, baba. Mbona umekonda? Nyumbani hawajambo?" Hawajambo. Yule bwana anakohoa, anasema amepita kwa ajili ya ile hesabu. "Hesabu ipo, haiendi kokote. Keti." Kisha ananigeukia mimi, na hapa ndipo mfungue masikio: "We mtoto, mletee baba yako mdogo chai."

Baba yangu mdogo! Nina miaka tisa, bwana huyu namjua kwa mizani yake tu. Lakini hesabuni wenyewe. Akiwa baba yangu mdogo, basi kwa shangazi yangu ni nani? Ni kaka yake. Kwa sentensi moja ya chai, mdai kageuzwa ndugu wa tumbo moja, na ndugu gani atamfungulia dada yake daftari mbele ya mtoto? Alikunywa kikombe, akaongezwa cha pili, akapewa na vitumbua vitatu vya watoto, akaondoka anashukuru. Mwezi uliofuata vile vile. Neno "sina" sikulisikia kinywani mwa shangazi mpaka anazikwa.

Mnaniuliza sauti ya mhusika ni nini. Mimi naanzia hapo: ni lile neno asilokubali kulitamka, na njia anayozunguka ili asilitamke. Mwingine angepayuka. Mwingine angejificha uvunguni amtume mtoto aseme mama hayupo, na mtoto angesema, "Mama kasema hayupo." Deni ni lile lile, watu watatu mbalimbali, na hujaandika bado hata rangi ya kanga.

Naona mkono. Najua swali, naulizwa kila mahali: mhariri atakubali? Si Kiswahili sanifu. Ndugu yangu, hicho sanifu kilichaguliwa. Mwaka 1928 watu walikaa Mombasa wakakubaliana kushika Kiunguja, mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Jambo la maana, limetupa vitabu vinavyosomeka Kigoma na Lamu. Lakini hakuna bibi aliyembembeleza mjukuu kwa lugha ya kamati. Msimulizi wako mwache aseme sanifu ukitaka. Mtu wa Mvita, Mombasa, akimwita mwanawe, atamwambia "ndoo hapa", na mhariri akiigeuza "njoo", mrudishie.

Halafu msikimbilie upande wa pili. Mtu wa bara akila "wari" kila ukurasa, hiyo si sauti, ni dhihaka, na msomaji wake anakuona. Andika "wali". Tafuta badala yake anamwita nani nani: nani anapewa shikamoo, nani ananyimwa, mke anamwita mumewe jina au Baba Fulani, na siku gani anaacha kumwita hivyo. Lugha yetu imejaa hayo, bure kabisa.

Methali nilikuwa na kurasa mbili, naruka. Mzee mmoja, methali moja, kitabu kizima. Inatosha.

Mwanzo wa hadithi. Naonyeshwa saa, naona, naona. Miswada tisa kati ya kumi na minne imeanza na jua: linachomoza, linachwea, mmoja linachungulia. Miwili jogoo. Wasimulizi wa zamani hawakuanza na jua, walianza na "Paukwa!" na hawakuendelea mpaka wajibiwe "Pakawa!" Walitaka mtu wa pili mdomo wazi kabla ya lolote. Sasa ule mswada wa mama wa vitumbua una kurasa sita za jinsi deni lilivyoanza: mume, mafuriko, bei ya sukari. Zitoe. Anza na hodi, tena hodi ya mwezi wa tatu, vikombe vya chai vimeshazoeleka, na yule bwana safari hii kaja na mkewe. Shangazi atasema nini? Mimi mwenyewe nataka kujua.

Mengine tutayasema siku nyingine, ya nafsi ya kwanza hasa, nina ugomvi nayo. Chukueni karatasi. Mdai na mdaiwa, mistari kumi, maneno "deni", "pesa" na "sina" marufuku. Dakika kumi na tano.

Nani kauliza? Shangazi alilipa, ndiyo, kidogo kidogo, karibu mwaka. Ila chai zile alikuwa akizihesabu, na kila kikombe alikikata humo humo.