Hamisha Ubuntu yako kwenye patisheni mpya bila kusakinisha upya

Habari zenu. Patisheni (kipande cha diski) yenye Ubuntu imejaa, diski mpya umeshaifunga, na hutaki kuanza moja. Kunakili faili ni kazi nyepesi. Wengi hukwama pale kompyuta inapowashwa, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa.

Kwanza hifadhi faili zako muhimu kwenye diski nyingine kabisa. Kisha washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu, uchague kuijaribu bila kusakinisha. Fungua terminali:

lsblk -f

Kwangu mnaona sda1 ni ya EFI, yaani yenye faili za kuwashia kompyuta, sda2 ndiyo Ubuntu ya zamani, na sdb1 ni mpya, tupu. Kwako majina huenda yakawa tofauti, kwa mfano nvme0n1p2. Yaandike kwenye karatasi, maana ukikosea herufi moja katika amri inayofuata, umefuta mfumo wako.

sudo mkfs.ext4 /dev/sdb1
sudo mkdir /mnt/zamani /mnt/mpya
sudo mount /dev/sda2 /mnt/zamani
sudo mount /dev/sdb1 /mnt/mpya
sudo rsync -aAXH --info=progress2 /mnt/zamani/ /mnt/mpya/

Uangalie vizuri ule mkwaju (/) baada ya neno zamani. Ukiusahau, utakuta folda inayoitwa zamani imekaa ndani ya mpya, na mfumo hautawaka.

Ikimaliza, tunafika penye mtego. Kila patisheni ina namba yake, UUID, na Ubuntu huitafuta patisheni kwa namba hiyo. Ipate ya mpya:

sudo blkid /dev/sdb1

Inakili, kisha fungua fstab, faili inayoorodhesha patisheni za mfumo:

sudo nano /mnt/mpya/etc/fstab

Tafuta mstari wenye mkwaju mmoja peke yake. Futa UUID ya zamani, bandika mpya. Mstari wa /boot/efi usiuguse.

Sasa GRUB, programu inayoianzisha Ubuntu kompyuta inapowashwa. Mara yangu ya kwanza niliiruka hatua hii. Kompyuta ikawaka vizuri, nikafurahi, kumbe bado nilikuwa ndani ya Ubuntu ileile ya zamani!

sudo mount /dev/sda1 /mnt/mpya/boot/efi
for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/mpya/$i; done
sudo chroot /mnt/mpya
grub-install
update-grub
exit

Zima, chomoa flashi, washa. Usiamini macho, maana mifumo yote miwili inafanana kila kitu. Iulize yenyewe:

findmnt -no UUID /

Ikitoka ile namba mpya, umehama. Herufi sda na sdb usizitegemee, zinaweza kubadilishana ukiwasha tena.

Patisheni ya zamani iache siku kadhaa kabla ya kuifuta. Na siku ukiifuta, futa sda2 tu. Sda1 bado ndiyo inayowasha kompyuta yako.