Nyota Ikishapasuka

Shikamooni wazee. Vijana wa mbele, hamjambo? Naanza na turubai la mahindi.

Umeanika mahindi uani, wingu linashuka kutoka mlimani. Unashika ubao, unayasukuma yawahi barazani. Mwanzoni ubao unakimbia. Halafu mbele yake kinajaa kichuguu, na mwendo unakufa. Si kwamba umechoka, mzigo ndio umekua. Masalia ya nyota iliyopasuka, yaani supanova, huzeeka vivyo hivyo.

Gesi huanza kwa kasi ya kilomita 10,000 hivi kwa sekunde, na kwa miaka mia kadhaa haioni kizuizi cha maana. Anga baina ya nyota ni tupu, ila si tupu kabisa. Siku gesi iliyozolewa njiani inapozidi uzito ile iliyorushwa, mwendo unaanza kupungua. Kwangu hapo ndipo penye utamu: gesi iliyogongwa hufikia joto la mamilioni ya nyuzi, hung'aa kwa eksirei, na hubaki hivyo maelfu ya miaka, kwani ni nyepesi mno kupoa upesi. Baadaye ganda hupoa, likawa nyuzinyuzi, mwishowe likapotelea katika gesi ya kawaida.

Lakini yupo mkaidi. Julai 1054 Wachina waliona nyota ngeni, ikaonekana hata mchana kwa siku 23. Masalia yake ndiyo Nebula ya Kaa, wingu la gesi lililo umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi. Pima mwendo wa nyuzinyuzi zake za gesi leo, rudisha hesabu nyuma: hufiki 1054, unaangukia karibu 1130! Basi zamani zilikwenda polepole kuliko sasa. Nani kaziongezea mwendo? Katikati pana nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanwa cha ile nyota iliyopasuka, iliyogunduliwa 1968. Upana wake ni kilomita 20 hivi, hata mji jirani wa Himo haifiki ukiiweka hapa Moshi mjini, lakini inajizungusha mara 30 kwa sekunde, na upepo wake wa chembe unaisukuma gesi kutoka ndani. Ubao umepata mtu wa pili.

Sasa ni saa tatu, na Januari hii anga imetakata. Tazameni kaskazini. Kile Kilimia, mnakijua tangu kwa babu zenu. Kulia kwake ni pembe za kundi la nyota liitwalo Ng'ombe. Kaa yuko jirani na ncha ya ile ya kusini. Kwa macho matupu hamtamwona, na kwa darubini ni ukungu kidogo tu, msije mkanilaumu. Darubini ni moja. Watoto watangulie.