Umelipiwa usiku Kilimanjaro Hotel? Tazama hii kabla hujafika kaunta

Shikamooni wazazi wangu wa Dar. Wenzangu, mambo vipi! Leo nasema na mzazi ambaye mtoto wake wa ughaibuni amemlipia chumba pale Kilimanjaro, Kivukoni. Hoteli ilifunguliwa 1965, leo ni Hyatt Regency, ila mjini bado ni Kilimanjaro tu, na inastahili heshima hiyo.

Kinachoharibu siku ni kadi. Mtoto amelipa mtandaoni, mzazi anafika na begi lake, mapokezi wanaomba kuiona kadi yenyewe, nayo iko ng'ambo. Hawakunyanyasi. Kadi za wizi hutumika namna hiyohiyo, na mwenye kadi akilalamika benki, pesa hurudishwa na hasara huiangukia hoteli. Kwa hiyo mwanao awaandikie barua pepe siku kadhaa kabla, aombe fomu ya idhini ya mwenye kadi, aijaze pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Aeleze wazi analipia nini: chumba peke yake, au na chakula na dobi? Asipotaja, bili ya chakula cha jioni utaletewa wewe. Jibu la hoteli litunze kwenye simu. Na tafadhali, namba za kadi zisipite WhatsApp.

Jina la mgeni liwe lilelile la kitambulisho chako cha NIDA. "Mama Asha" haitoshi, mama yangu.

Kuna amana pia. Chumba hata kiwe kimelipiwa, hoteli nyingi kubwa huzuia kiasi fulani kwa ajili ya matumizi ya ziada. Kwenye kadi ya akaunti ya kawaida hiyo ni pesa yako halisi, na inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa. Uliza kama wanapokea amana taslimu.

Wewe unayerudi likizo na kadi ya nje, mashine ikikuuliza sarafu, chagua shilingi. Ukichagua sarafu ya huko ulikotoka, kiwango anapanga mwenye mashine, na kwa kawaida kinakuumiza kuliko cha benki yako. Hakikisha pia bei ina VAT na kifungua kinywa ndani.

Chumba ombeni upande wa bandari, ghorofa ya juu, na ombi liandikwe kwenye barua ileile. Upande wa mjini utaona mapaa. Upande wa bandari unaona pantoni za Kigamboni na meli zikiingia. Kwa mzazi aliyezoea kuvuka pale Magogoni, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Vyumba hutolewa mchana. Ukifika asubuhi, acha begi mapokezi, tembea hadi kanisa la Azania Front.