Pompi ya mkono kwa asidi na soda kostiki: angalia tumbo lake

YAYA: Jambo yenu wote, karibuni, tuko hapa Lubumbashi sawa kila wiki, na leo hatuongei simu wala magari, leo ni pompi ya mkono, ile ya kutolea produi kali mu pipa. Mudogo wangu njo aliomba.

MUDOGO: Niliomba juu ya ile maneno iliyonipata, yaya. Unajua nyumbani kule Katuba tunapika sabuni, tunauza na javeli, ile maji ya kung'arisha nguo. Mbele tulikuwa tunanunua soda kostiki kavu, tunakoroga ndoo moja moja. Kiisha tukapata soda ya maji, ya asilimia 50, mu pipa ya bluu ya lita 200, sasa utainamisha namna gani pipa kama ile? Nikaenda sokoni nikanunua pompi ya manivela, ile ya kuzungusha, wanatolea nayo mazutu, muuzaji akaniambia hii inapompa kila kitu.

YAYA: Kila kitu! Ukisikia hilo neno, rudisha pesa mfukoni.

MUDOGO: Siku ya kwanza ikatembea vizuri. Siku ya tatu nazungusha naona imekuwa nzito, nikaichomoa, mwili wote umegeuka mweusi na ndani kunatoka povu ndogo ndogo sawa bia wametoka kumimina. Nikailazimisha tena, njo tone moja likanirukia hapa ku mkono, pale glavu inaishia. Mwanzo sikusikia maumivu, nilisikia utelezi tu, sawa umeshika sabuni, na kumbe ile utelezi njo mafuta ya ngozi yangu inageuka sabuni. Kuchoma kukafuata.

YAYA: Pole sana mudogo. Ulifanya nini?

MUDOGO: Mama alinivuta mpaka ku robine, akaniacha pale maji inapita, inapita, nusu saa nzima, mimi nalia nataka kutoka, anakataa.

YAYA: Alifanya vizuri kabisa, maji mengi na haraka, wala usipake siki ukisema utaua soda. Sasa ile pompi yako ilikuwa alumini. Alumini na soda kostiki haviwezi kukaa pamoja, soda inaikula na inatoa gesi ya hidrojeni, gesi inayowaka. Fikiria pale karibu kuna mbabula ya makala unapika mafuta ya sabuni.

MUDOGO: Ilikuwa hatua kumi hivi.

YAYA: Mungu mkubwa. Njo maana mimi, miaka yote niliyofanya mu depo ya produi, sikuulizi kwanza pompi ya bei gani, nakuuliza: unatoa produi gani, na ya nguvu ngapi? Juu asidi ya asilimia 30 na asidi ya 98 ni kama watu wawili tofauti. Chukua asidi sulfuriki, ile inapita na malori hapa kutoka Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, kwenda Likasi na Kolwezi, wanayeyushia nayo shaba na kobalti. Ikiwa kali, ya 98, inaweza kukaa mu tanki ya chuma ya kawaida, juu chuma inajitengenezea ngozi nyembamba ya kuikinga. Wewe sasa unaosha pompi ya chuma, unaacha maji kidogo ndani, asidi inakuja inachanganyika na yale maji, inakuwa nyepesi, na ile nyepesi njo inakula chuma vibaya sana, tena inapata moto papo hapo.

MUDOGO: Kumbe nyepesi njo mbaya zaidi!

YAYA: Kwa chuma, ndiyo. Kwa plastiki inageuka. Polipropileni, ile plastiki nyeupe au ya majivu, inafaa sana kwa soda yako, inafaa kwa asidi ya betri, lakini asidi ya 98 inaichosha, inapasuka polepole. Pale unapanda ku PVDF, au Teflon, plastiki zinazovumilia asidi kali. PVDF iko bei kali, na watu wanafikiri basi inashinda zote, wanaitia mu soda kostiki, inavunjika. Bei kali haisemi inafaa.

MUDOGO: Na inoksi, ile chuma isiyoshika kutu? Juu hapa mjini ukisema inoksi watu wote wanatulia.

YAYA: Inoksi nzuri, ile ya 316, kwa soda ya baridi haina tatizo. Lakini asidi ya kloridriki inaimaliza, na javeli inaitoboa vidude vidogo vidogo. Inoksi mimi naipenda kwa vitu vinavyowaka, asetoni, petroli nyepesi, juu pale ukitumia plastiki umeme wa kusuguana unajikusanya, cheche moja tu imekwisha. Unatumia pompi ya chuma, unafunga waya kutoka pipa mpaka chombo unachojaza, na mwingine mpaka ardhini.

MUDOGO: Basi mimi nikinunua ya polipropileni nimemaliza.

YAYA: Bado! Hapo njo wengi wanaanguka. Wanaangalia mwili, tumbo hawalifungui. Ndani kuna mipira ya kuziba, kuna kidude cha kuzuia produi isirudi chini, na mara nyingi kidude kile kina resori ya chuma. Mwili wote plastiki, resori ya kawaida, mu asidi au javeli siku chache imeoza na pompi haivuti tena. Mwambie muuzaji afungue mbele yako, akikataa, toka. Mipira nayo ina majina. EPDM inapenda soda na javeli, lakini mafuta na petroli inaivimbisha. Viton inapenda petroli na asidi sulfuriki kali, lakini asetoni inaiharibu, na soda yako kali pia. Ile nyeusi ya mazutu, nitrili, mu asidi kali haina kazi.

MUDOGO: Na zile za kusukuma upepo mu pipa? Jirani yangu iko nayo.

YAYA: Kwa sabuni ya maji sawa. Kwa asidi hapana, unajaza upepo mu pipa, pipa inavimba, ukifungua produi inakurukia usoni. Chukua ya pistoni, inayovuta, na ulegeze kile kifuniko kidogo ili pipa ipumue, kama siyo itajikunja. Pima na mdomo wa pipa: za chuma kwa kawaida ni inchi 2, za plastiki mara nyingi uzi wake ni mnene, unahitaji adapta. Wengine wanafunga kitambaa pale! Kitambaa! Na kuvuta tiyo na mdomo sitaki hata kusikia.

MUDOGO: Yaya, sisi tuko na soda, javeli, na asidi kidogo ya kuoshea mosaiki. Pompi moja, tukiosha vizuri?

YAYA: Hapana. Hapana mudogo. Asidi ikikuta javeli inatoka klorini, gesi inayoua mapafu, na mu nyumba yenu kuna watoto. Pompi tatu. Paka rangi ku mkono wa kila moja na rangi ileile ku pipa yake, hata mtu asiyejua kusoma ataona.

MUDOGO: Tatu ni pesa nyingi.

YAYA: Anza na ya soda, njo unatumia kila siku. Asidi nunua mu bidoni ndogo, haitaki pompi. Na siku unanunua, chukua pale pale mipira ya kubadilisha, seti mbili, juu ukingoja ikatike, mpira wa kuagiza utakuchukua miezi na kazi imelala. Pompi isiyopata mipira, hata iwe ngumu namna gani, mimi siinunui.

MUDOGO: Kesho asubuhi nashuka mjini. Nikiileta nyumbani naitia moja kwa moja?

YAYA: Kwanza ndoo ya maji safi, vuta mara ishirini, pitisha kidole kavu ku kila kiungo. Kidole kikitoka na maji, hapo njo soda itapita. Kaza, jaribu tena, kiisha itundike juani ikauke, na mbabula ile muihamishe.

MUDOGO: Mama ameshaihamisha, yaya. Iko nyuma ya nyumba.