Bakshishi Huanguka Njiani: Mwanamke na Kazi za Utalii

Mkuu wa Chuo, walimu, na ninyi wanafunzi ambao wengi wenu mwakani mtakuwa mkizunguka na vyeti vyenu Arusha, Moshi na Unguja, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie nafasi ya mwanamke katika sekta ya utalii. Kwa kuwa mada hiyo ni pana kiasi cha kumpoteza mtu, naomba niibane kwenye jambo moja ambalo kazi yenyewe imenifundisha: katika utalii, kipato cha mtu hakiamuliwi na mshahara ulioandikwa kwenye mkataba peke yake, bali pia na mahali alipopangiwa kusimama, na mwanamke kwa kawaida hupangiwa mahali ambapo fedha hazipiti.

Nianze na hesabu yangu mwenyewe. Nilipomaliza mafunzo niliajiriwa na hoteli moja, siku moja na kijana tuliyesoma naye darasa moja, mwenye cheti kama changu, na ambaye Kiingereza chake, aniwie radhi popote alipo, kilichechemea kuliko changu. Meneja alitutazama, akanikabidhi mimi funguo za vyumba vya ghorofa ya pili, na mwenzangu akapelekwa kwenye gari akajifunze kuongoza wageni. Mishahara yetu ilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho. Hata hivyo, yeye alikuwa akirudi kutoka Serengeti na Ngorongoro na bahasha ya tipu ambayo safari nyingine ilizidi mshahara wa mwezi mzima, ilhali mimi nilisubiri mgawo wa kisanduku cha mapokezi, ambacho hufunguliwa mwisho wa mwezi na kugawanywa kwa watu wote, kuanzia mtunza bustani hadi mhasibu. Ofisa wa kazi angekuja akapekua mafaili yote ya hoteli ile, asingeona kosa.

Mwaka 2019 Shirika la Utalii Duniani lilitoa ripoti yake ya pili kuhusu wanawake katika utalii, ikaonyesha kwamba wanawake ni asilimia 54 ya wafanyakazi wa sekta hii, wakati katika uchumi kwa jumla ni asilimia 39, na kwamba wastani wa malipo yao uko chini ya ule wa wanaume kwa asilimia 14.7. Wako wanaozisoma takwimu hizi mbili kana kwamba zinapingana, wakishangaa inakuwaje walio wengi walipwe kidogo. Mimi sioni ajabu. Kutandika, kupika, kufua na kumlaki mgeni kwa tabasamu ni kazi ambazo mwanamke amekuwa akizifanya nyumbani bila malipo, na kazi iliyozoeleka kufanywa bure, hata ikihamia hotelini, mwajiri huilipia kwa kusitasita. Isitoshe, mgeni humpa bakshishi mtu aliyekaa naye, akamwonyesha simba, akamsimulia habari za mahali. Anayemtandikia kitanda hamjui hata kwa sura, maana sifa kubwa ya mtandika vitanda hodari ni kwamba hakuonekana akiingia wala akitoka.

Mpangilio huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1930 muuguzi mmoja wa Marekani, Ellen Church, ambaye alikuwa amejifunza kurusha ndege, alikwenda San Francisco kwenye ofisi ya kampuni ya Boeing Air Transport kuomba kazi ya urubani. Hiyo hakupewa. Ndipo akatoa shauri kwamba wauguzi wawekwe ndani ya ndege ili abiria, ambao wakati ule waliogopa sana kuruka, wapate utulivu, na shauri hilo likakubaliwa; Mei 15 ya mwaka huohuo akasafiri kama mhudumu wa kwanza wa kike wa ndege. Wenzake wa mwanzo walikuwa saba, na masharti yao yalitaka wasiwe wameolewa, wasizidi umri wa miaka 25, na uzito wao uwe chini ya kilo 52 hivi. Aliomba usukani, wakampa sinia. Ilipita miaka 63 kabla ya shirika la Kenya Airways kumpokea Irene Koki Mutungi kama rubani wake wa kwanza mwanamke, mwaka 1993, naye mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwa nahodha wa ndege ya Boeing 787. Ninamtaja kwa sababu wasichana wengi humu ndani, nikiwauliza habari za kazi za ndege, hunitajia sare na viatu vya mhudumu kabla ya kitu kingine chochote.

Asije mtu akaniambia kwamba nchini kwetu tatizo ni kutowaamini wanawake na madaraka ya utalii. Mama Zakia Meghji aliiongoza Wizara ya Maliasili na Utalii kwa miaka mingi kabla ya kuwa Waziri wa Fedha. Mama Samia Suluhu Hassan alikuwa waziri aliyeshughulikia utalii Zanzibar kati ya 2005 na 2010, na akiwa Rais alijitokeza mwenyewe katika filamu ya kutangaza vivutio vya nchi iliyozinduliwa mwaka 2022. Juu, basi, tumewaona wanawake, na chini, kwenye vyumba na majiko, wamejaa. Kulikobaki kweupe ni katikati, yaani njiani, kwenye usukani wa gari la safari na mbele ya msafara wa mlimani, na huko ndiko nitakakokaa kwa muda.

Mwanamke wa kwanza anayetajwa katika kumbukumbu kufika kilele cha Kilimanjaro ni Sheila MacDonald, mwaka 1927, kwa hiyo hoja kwamba mwili wa mwanamke haufai kwa mita 5,895 ilikwisha kujibiwa karibu karne moja iliyopita. Ila yeye alipanda akiwa mgeni. Kwa mwenyeji anayetaka kuufanya mlima kuwa ajira, njia ni ndefu zaidi: waongozaji wengi walianza kama wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita wenyewe, wakabeba mizigo misimu kadhaa, wakazijua njia na hali ya hewa na dalili za mgeni anayeanza kuzidiwa na ukosefu wa hewa, kisha wakapata mafunzo na leseni, wakaanza kama wasaidizi. Hiyo ni ngazi, na asiyekanyaga kidato cha chini hafiki cha juu. Tukiuliza kwa nini waongozaji wanawake ni wachache, inabidi tuulize kwanza kwa nini wagumu wanawake ni wachache.

Jibu la haraka ni mzigo. Mzigo wa mgumu hupimwa langoni na haupaswi kuzidi kilo 20. Sisi tuliokulia Uchagani tukiambiwa kwamba mwanamke hawezi kilo 20 huwa tunatazamana, maana tumewaona mama zetu wakishuka na mikungu ya ndizi kichwani kutoka vihambani hadi soko la Mwika, kisha wakapandisha jioni na mahitaji ya nyumbani, na hakuna aliyewahi kuwapimia. Ukizungumza na wanawake walioijaribu kazi ile na kuiacha, hawataji mzigo. Wanataja kulala. Kwenye njia ya Marangu kuna vibanda, lakini kwenye njia za Machame, Lemosho au Rongai ni mahema, na imekuwa desturi kwamba wagumu wengi hulala ndani ya hema la kulia chakula baada ya wageni kwenda kupumzika. Fikirini binti mmoja na wanaume kumi na tano chini ya turubai moja, baridi ikiwa imewasukuma wote wakalala wakibanana. Hata kama wanaume wale wote ni waungwana, na wengi wao ni waungwana kweli, habari hiyo ikimfikia mume au mama mkwe haitapokelewa kama mazungumzo ya kazi. Mwongezee siku za hedhi mahali ambapo maji ya kujisafishia ni ya kuomba jikoni na choo kiko mbali gizani. Binti anakwenda safari mbili, tatu, kisha anabaki nyumbani, na watu wanasema mlima umemshinda.

Hema dogo la watu wawili halizidi kilo chache. Ukiajiri wanawake wawili badala ya mmoja na ukawapa hema lao, umeondoa sehemu kubwa ya kikwazo hicho kwa gharama ambayo mgeni aliyelipa maelfu ya dola hataihisi. Makampuni yaliyofanya hivyo yapo, na hayakufilisika.

Habari ya gari ni fupi zaidi. Udereva wa safari hujifunzwa gereji, kwa mjomba au kaka, na msichana hafukuzwi gereji. Ni kwamba hakuna anayemwita. Kisha akiomba kazi anaulizwa, "Tairi likipasuka porini kule Ndutu utafanyaje?" Huwa nawaambia wajibu kwamba watafanya kama wanavyofanya wanaume, yaani watatoa jeki, na lisipowezekana wataita kwa redio. Kule Botswana, hoteli ya Chobe Game Lodge ilianza kuajiri waongozaji wanawake mwaka 2004, hatimaye kikosi chake chote cha waongozaji kikawa cha wanawake, na wenyewe wakaeleza kuwa matumizi ya mafuta na gharama za matengenezo zilipungua. Huku kwetu, ndani ya Serengeti, iko kambi ya wageni iitwayo Dunia, inayoendeshwa na wanawake. Mifano hii miwili haitoshi kuujaza ukumbi, lakini inatosha kulifunga swali la tairi.

Zanzibar kikwazo kina sura nyingine. Nilipofanya kazi mwambao wa mashariki wa Unguja, niliwasikia wageni wa kutoka Bara wakisema kwa urahisi kwamba wenyeji wanawazuia binti zao kwa sababu ya dini. Pombe, mavazi ya wageni na maneno ya mitaani ni mambo mazito, siyapuuzi. Lakini mzee mmoja wa kijijini aliniambia neno lililonifanya niitazame saa: "Kazi hatuikatai, mwanangu. Tunauliza nani anamrudisha." Zamu ya jioni huisha saa tano usiku. Daladala zimekwisha lala. Kutoka hotelini hadi kijijini ni mwendo wa barabara isiyo na taa, na binti akionekana akishushwa na gari la mtu asiyejulikana, sifa yake imekwisha kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Hoteli iliyokuwa jirani yetu ilinunua basi dogo la wafanyakazi, likawa linamfikisha kila mmoja mlangoni kwao, na wasichana wa kijiji kile wakaanza kuomba kazi pale. Dini yao haikubadilika hata kidogo.

Sheria nazo zipo, tena si mbaya. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mzazi likizo ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Aliye karibu kujifungua hapaswi kupangwa zamu ya usiku. Udhalilishaji wa kijinsia ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na nalisema hili wazi kwa ajili ya wale watakaofanya usafi wa vyumba na kuambiwa kwamba mteja ni mfalme. Shida ni kwamba mlimani watu hulipwa kwa safari, na pwani mikataba mingi huishia masika, hoteli zinapofunga. Mwenye mimba ya miezi mitano hafukuzwi. Mkataba wake unakwisha Aprili na haitwi tena Juni. Mwaka 2020, korona ilipowashusha wageni nchini kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi 620,000 hivi, tuliona jambo hilohilo kwa ukubwa wake, kwani walioishi kwa mikataba ya msimu hawakuachishwa kazi, bali simu zao ziliacha tu kuita.

Nimeulizwa na mwalimu wenu niwaachie nini wasichana watakaokwenda kwenye usaili mwezi ujao. Mshahara mtauuliza, hilo sina wasiwasi nalo. Ulizeni pia nani huchagua watu wa kwenda na wageni, na mara ya mwisho alimchagua mwanamke lini. Ulizeni kisanduku cha tipu hugawanywaje. Kwa wanaokwenda mlimani, ombeni kuliona hema kabla ya kufika langoni. Na kwa wanaokwenda pwani, ulizeni basi la wafanyakazi wa zamu ya usiku linaondoka saa ngapi, na linaishia wapi.