Tiketi, Stika na Barabara ya Bure: Kwa Gari kutoka München hadi Verona

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Waswahili waishio München, kabla ya likizo ya kiangazi.)

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Nimepewa dakika ishirini, na mwenyekiti ameshavua saa ameiweka mezani, kwa hiyo salamu nazikatia hapo.

Nimeombwa niseme kuhusu safari ya gari kwenda Italia kwa sababu kila mwaka, likizo zikiisha, simu yangu haipumziki. Mtu anapiga akiwa na bahasha kutoka Austria. "Kaka, wananidai euro 120, na mimi hakuna aliyenisimamisha!" Ni kweli, hakuna aliyekusimamisha. Wengi wetu hapa mpaka tunaoujua ni Namanga au Holili: unashuka, unapanga foleni, unagongewa muhuri, unaonyesha kadi ya gari na bima, na kama kuna cha kulipa utaambiwa, tena kwa sauti. Hapa ukiteremka kutoka Rosenheim kuelekea Kufstein, kinachokuambia umeingia nchi ya watu ni kibao cha buluu chenye nyota. Watoto nyuma wamelala. Redio inabadilika lafudhi. Basi.

Sasa, München hadi Verona ni kama kilomita 430, na ndani ya kilomita hizo unapita kwa wenye barabara watatu wasiofanana tabia. Mjerumani hakuuzii kitu. Mwaustria anakuuzia siku. Mtaliano anakuuzia kilomita. Ukilijua hilo kabla ya kuwasha gari, nusu ya barua zile hazitakufikia.

Kwa Mjerumani sitakaa sana. Gari dogo halilipi tozo kwenye barabara zake kuu za kasi. Malori ndiyo yanalipa kwa kilomita, tangu tarehe 1 Januari 2005, na tangu Julai 2024 hata ya zaidi ya tani 3.5 yameingizwa, wale mnaofanya kazi ya usafirishaji mnalijua hili kuliko mimi. Lakini kuna kisa kimoja siwezi kukiruka. Mwaka 2015 Ujerumani ilipitisha sheria ya kulipisha magari madogo pia. Kila mtu angelipa, mwenyeji na mgeni. Ila mwenyeji angepunguziwa kodi yake ya gari kwa kiasi kilekile alicholipa. Yaani hesabu ikifungwa, anayetoa hela ni mgeni peke yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone! (Kicheko.) Austria ikaenda Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Uholanzi ikasimama upande wake, na tarehe 18 Juni 2019 mahakama ikasema huo ni ubaguzi kwa raia wa nchi nyingine za Umoja. Mpango ukafa. Kampuni zilizokuwa zimeshapewa kazi ya kukusanya tozo hiyo zikadai fidia, na mwaka 2023 ikakubaliwa zilipwe euro milioni 243. Tozo haikukusanya hata senti, na bado walipa kodi wakatoa hela. Ndiyo maana nikisikia "Ujerumani barabara ni bure", huwa nacheka kidogo.

Haya, Austria. Hapa ndipo penye nyama.

Austria ilianza stika yake, ile ya kulipia barabara kuu za kasi, mwaka 1997. Ukiinunua hununui umbali. Zunguka nchi nzima au nenda kilomita tano, bei ni ileile. Kwa bei za mwaka 2025, siku moja ilikuwa euro 9.30, siku kumi euro 12.40. Pigeni hesabu. Ukienda na kurudi ndani ya siku kumi, chukua ya siku kumi. Ukikaa Italia wiki mbili, stika mbili za siku moja moja, euro 18.60 kwa bei hizo, ni nafuu kuliko mbili za siku kumi. Lakini siku kwao ni siku ya kalenda. Inakufa saa sita usiku, hata kama uliinunua saa tano na nusu. Ukiondoka hapa jioni ya Ijumaa ukakwama kwenye foleni, usiku wa manane unaweza kukukuta bado uko Tirol, jimbo la Austria unalolipita, na stika yako imeshakuwa ya jana.

Stika ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya karatasi, kwenye sheli kabla ya mpaka. Mama wa kaunta alichukua koleo kama la kondakta wa zamani akatoboa tundu mbili, moja kwenye siku, moja kwenye mwezi. Mimi kwa ubahili wangu nikaona, kwa nini niibandike, si nitamwachia mwenzangu wiki ijayo? Nikaiegemeza kwenye dashibodi. Mzee mmoja aliyekuwa akijaza mafuta pembeni akagonga kioo, akaniambia kwa Kijerumani cha taratibu: kijana, ibandike. Baadaye ndiyo nikaelewa kuwa stika isiyobandikwa kwenye kioo inahesabiwa kama haipo. Na ukiibandua, inajichanika yenyewe na kuacha alama, ili usiihamishe.

Sasa wengi wananunua ya mtandaoni, inayofungwa kwenye namba za gari. Ilipoanza ilikuwa na kichekesho chake: ukiinunua nyumbani, inaanza kazi siku ya 18. Kwa nini 18? Kwa sababu sheria ya walaji inampa anayenunua mtandaoni siku 14 za kughairi, na siku tatu zikaongezwa za posta. Waliogopa mtu atanunua, atakwenda na kurudi, kisha aseme "nimeghairi". Za siku moja na siku kumi siku hizi zinaanza papo hapo, lakini kwa hizi za muda mrefu soma tarehe ya kuanza kabla ya kubonyeza kulipa.

Na namba za gari muziandike mkiwa mmekaa. Mimi niliandika zangu kwenye simu, nimesimama, mtoto anataka maji. Penye herufi O nikaweka sifuri. Malipo yakapita, barua pepe ya shukrani ikaja, nikasafiri kwa amani kabisa. Kamera ya barabarani haikuona gari langu kwenye orodha; iliona gari lisilo na stika. Barua ikaja baada ya wiki kadhaa. Nililipa. Na sikununua hata kwa wenye barabara, yaani ASFINAG; nilinunua kwa mtandao wa wachuuzi uliotokea wa kwanza nilipotafuta, wakaniongezea ada yao juu. Hilo nalo ni kosa langu.

Mtaona pia kwamba kutoka mpakani hadi Kufstein-Süd hamhitaji stika. Hapo pana historia ndogo. Kipande kile kifupi kilitakiwa kulipiwa tangu 1997, ila kwa miaka mingi hakuna aliyekagua. Desemba 2013 ukaguzi ukaanza. Watu wa Bavaria, jimbo letu hili la München, wanaokwenda kuteleza kwenye theluji kwa siku moja wakaona, aa, stika nzima kwa kilomita hizi chache? Wakatoka barabara kuu, wakapita katikati ya mji wa Kufstein. Jumamosi za baridi mwenyeji wa pale hawezi hata kuvuka kwenda dukani. Miaka sita hivi wakalalamika, mpaka Desemba 2019 kipande kikasamehewa. Lakini msidanganyike na hilo: Innsbruck iko mbele sana ya Kufstein, na kufika huko lazima uwe na stika.

Na simu ikikuambia "kuna njia ya haraka zaidi vijijini", usiitii bila kuangalia siku. Tangu kiangazi cha 2019 Tirol huwazuia wapita njia kuacha barabara kuu mwishoni mwa wiki za msimu. Bavaria ilinuna sana. Polisi wanakurudisha tu.

Baada ya Innsbruck, mtu anadhani ameshamaliza. Bado. Kupanda Brenner, njia ya milimani ya kuvukia mpaka wa Italia, kuna tozo ya peke yake, zaidi ya euro 10 kwa safari moja, na stika haikusaidii pale. Unalipa Schönberg, kibandani au mapema mtandaoni. Kabla ya hapo unapita Europabrücke, daraja la mwaka 1963, mita 190 juu ya bonde. Mwambie abiria akuangalilie, wewe shika usukani. Na tangu Januari 2025, mbele kidogo, daraja la Lueg limebanwa kwa sababu ya uzee wake, siku nyingi njia ni moja kila upande. Wekeni saa ya ziada, na maji.

Ukivuka Brenner, vibao vinabadilika rangi. Huku kwetu barabara kuu ya kasi ni buluu; Italia ni kijani, na buluu ni barabara ya kawaida. Mke wangu mara ya kwanza alifuata buluu kwa mazoea, tukaishia kwenye mashamba ya tufaha. Mazuri, lakini hatukuwa tumeyapanga.

Mtaliano yeye amelipisha kabla ya wote: barabara ya kutoka Milano kwenda kwenye maziwa, ya mhandisi Piero Puricelli, ilifunguliwa Septemba 1924 na ilikuwa ya kulipia tangu mwanzo. Kwake unachukua tiketi getini, pale Vipiteno, unalipa unapotoka. Njia ya manjano iliyoandikwa Telepass ni ya wenye kifaa cha kulipia garini, msiingie.

Naam, mama pale nyuma?

(Swali: Tiketi ikipotea je?)

Mama, ikipotea watakuhesabia kama uliingilia geti la mbali kuliko yote. Kwa hiyo usimpe mtoto aichezee. Na kadi yako ya benki ikikataa, usirudi nyuma, usishuke kugombana. Bonyeza kitufe cha msaada, watakupa karatasi, una siku 15 za kulipa.

(Swali: Tukienda kwa kupitia Uswisi?)

Uswisi hawauzi siku. Ni mwaka mzima tu, faranga 40, bei haijabadilika tangu 1995. Mwaka 2013 serikali ilitaka iwe 100, wananchi wakapiga kura ya hapana. Kwa kweli inadumu miezi 14, toka Desemba kabla ya mwaka wake kuanza hadi Januari baada ya mwaka wake kwisha. Ukivuta trela, trela nalo lina stika yake.

(Swali: Na kurudi, tutasimamishwa?)

Kurudi ndiyo mtasimamishwa. Polisi wa Kijerumani wanakagua upande huu tangu Septemba 2015. Pasipoti na kadi ya ukaazi ziwe mkononi, zisiwe kwenye buti chini ya masanduku na mafuta ya zeituni. Mwenyekiti, nimeiona saa, nakaa.